Neno "execute" kwenye barua yangu nusura liwapotezee akina mama wa Songambele ardhi yao

Wakuu, salaam.

Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana mmoja wa wahusika anaingia humu jukwaani.

Mimi ni wakili. Kwetu ni Muleba, ila ofisi yangu ndogo iko Kayanga, Karagwe. Kazi zangu nyingi ni mirathi, mipaka ya vibanja na mikataba ya wanunuzi wa kahawa.

Mwaka jana walikuja ofisini akina mama wa kikundi cha wakulima wa kahawa kutoka Songambele, kule Kyerwa. Kikundi kina ardhi yake karibu na barabara, waliipata kwa kuchangishana miaka mingi. Mwekezaji akataka kuikodi ajenge kiwanda cha kukoboa kahawa. Akaleta mkataba, Kiingereza mwanzo mwisho.

Mwenyekiti wao, Mama Koku, ni mama mtu mzima, si muongeaji. Aliniambia, "Mwanangu, tusomee. Kama kuna shimo, tuonyeshe."

Shimo lilikuwepo.

Kifungu cha saba kilisema mkataba ni wa miaka kumi, lakini ikiisha, mwekezaji anaweza kujiongezea mingine kumi, na mingine tena, kwa uamuzi wake peke yake. Kikundi hakiulizwi. Yaani ardhi ingebaki yao kwa jina tu.

Sasa wakuu, nilipoharibu ni hapa.

Kwa kuwa mkataba ulikuwa wa Kiingereza, nikaona na ushauri wangu uwe wa Kiingereza. Nisiwe mnafiki, nilitaka pia yule mwekezaji akiuona ajue Kayanga nako kuna mawakili.

Kurasa tatu. "Hereinafter", "notwithstanding", zote nilizipanga. Nikairudia kuisoma, nikajipongeza.

Mwishoni ndipo nikaweka ushauri wenyewe, mstari mmoja: "The Group is advised not to execute the Agreement prior to the amendment of Clause 7."

Kwetu wanasheria, ku-execute mkataba ni kuusaini. Nilikuwa nawaambia wasisaini mpaka kifungu cha saba kibadilishwe.

Nikamtumia katibu wao, Sista Adelina, nesi wa hospitali ya pale Nyakahanga. Kikundi kizima humtegemea yeye kwa Kiingereza. Sikumpigia hata simu kumweleza. Nilijua barua imejitosheleza.

Jumamosi asubuhi Mama Koku akapiga. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha.

"Wakili, tuko Nkwenda, leo tunasaini. Tunamsubiri tu mtu wa mwekezaji. Ndizi ziko jikoni, njoo tule."

"Mama, kifungu cha saba wamekibadilisha?"

"Hicho watabadilisha baadaye. Si uliandika kwamba kazi tu ndiyo isianze?"

Nikaanza kumwambia asisaini, simu ikakata. Kupiga tena, hapatikani. Ya Sista inaita tu, haipokelewi.

Nikachukua bodaboda. Kwa mara ya kwanza niliiona safari ya Nkwenda ni ndefu.

Niliwakuta kwenye ukumbi wa lodge karibu na soko. Bahati yangu, mwakilishi wa mwekezaji alikuwa amechelewa kufika. Viongozi wanaotakiwa kusaini ni watano. Wawili walishasaini, Mama Koku akiwa wa kwanza. Sista Adelina alikuwa ameshika kalamu.

"Sista, subiri!"

Nikamwambia, "Niliwaandikia msisaini."

Akatoa barua yangu kwenye mkoba. Alikuwa ameipigia mistari kwa penseli, na pembeni ya maneno magumu ameandika maana zake.

"Wapi umeandika tusisaini? Nionyeshe neno 'sign'."

Halikuwepo. Kurasa tatu, halikuwepo.

"Execute ni kutekeleza," akasema. "Nimekaa na barua yako siku mbili baada ya zamu. Umeandika tusitekeleze. Ndicho nilichowaambia wenzangu."

Nilitamani anitukane kuliko vile.

Nikasema mbele ya wote kwamba Sista hana kosa, kosa ni langu. Kisha nikaeleza kwa Kiswahili cha kawaida: "Mkisaini hii, miaka kumi ikiisha, yeye akisema anaendelea, nyie hamna pa kusemea hapana. Wala watoto wenu."

Mama Koku akauliza, "Waitu, jamani, maneno haya ndiyo yalijaza karatasi tatu?"

Nikasema ndiyo.

"Na mimi nimeshasaini."

Mwakilishi alipofika, nilimwomba nakala zile zifutwe. Hakubisha. Tukapiga mistari juu ya sahihi zote mbili, kila upande ukabaki na nakala yake. Ndizi zikaliwa hivyo hivyo.

Kabla ya kuondoka, mwakilishi akaomba nimwandikie hoja yetu kwa Kiingereza ampelekee bosi wake. Safari hii nilimweka Sista pembeni yangu. Kila alipokunja uso, nilifuta. Ikatoka nusu ukurasa: "We will not sign this contract as it is. After ten years, you may stay only if the group agrees." Yaani hatusaini ulivyo, na baada ya miaka kumi atabaki kikundi kikikubali tu.

Mwakilishi akaisoma mara moja, akasema, "Kumbe ndicho mlichokuwa mnakataa? Hata mimi barua ya kwanza niliyoonyeshwa na kikundi sikuielewa, niliogopa kuuliza."

Wiki chache baadaye mkataba ukarudi. Kifungu cha saba kimeandikwa upya, na tafsiri ya Kiswahili juu. Wakasaini wote watano.

Nilichojifunza: nilimwandikia mwekezaji anione msomi, wakati msomaji wangu alikuwa nesi aliyetoka zamu na wenzake wanaomsubiri awaambie wafanye nini. Siku hizi kila ushauri wangu unaanza na mstari mmoja wa cha kufanya, na baada ya kuutuma napiga simu, namwomba mteja anisimulie alivyoelewa.

Wahasibu, madaktari, watu wa bima na benki mliomo humu: ni neno gani la kazi yenu mlidhani kila mtu analijua, mpaka likamuumiza mtu?

Na Sista, kama unasoma hapa, samahani tena.