Nyanya Kwenye Gari la Kamba

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kuski, yaani kuteleza juu ya theluji, kwenye kilima kimoja upande wa Savage, huku kwetu Minnesota. Kilima chenyewe kidogo, ukikohoa juu wanakusikia chini. Akiwa angani kwenye kiti cha waya cha kupandia kilima, mtambo ukasimama. Ulisimama kidogo tu, lakini vidole vyangu vilikufa ganzi ndani ya glavu. Mama mmoja aliyekuwa karibu akaniuliza kama niko sawa. Nikasema ndiyo. Sikuwa sawa, rafiki yangu. Nilikuwa nimerudi Austria, mtoto wa miaka tisa.

Wakati huo tuliishi Blaine, hapa hapa Minnesota. Nyanya, mama yake baba aliyebaki kijijini kwao, nilimjua kwa sauti ya simu tu, maana kila alipoomba viza ya Marekani alinyimwa. Lakini shangazi yangu alikuwa ameolewa Innsbruck, mji wa Austria uliozungukwa na milima, na huko nyanya aliruhusiwa kwenda. Basi likizo ya Krismasi tukapanga sote tukutane kwa shangazi.

Mama alianza kuogopa hata kabla ya kufunga mabegi. Aliogopa paspoti zitapotea, aliogopa baridi, aliogopa presha ya nyanya. Mimi nilikuwa na hofu yangu ambayo sikumwambia mtu. Kiswahili nilikielewa chote, lakini nyumbani nilijibu kwa Kiingereza. Nyanya Kiingereza hakujua.

Nilimkuta jikoni kwa shangazi, mdogo kuliko nilivyodhani, amejifunga leso juu ya sweta mbili. Alinukia moshi wa kuni, sijui aliubebaje kwenye ndege. Shangazi akapakua supu yenye madonge ya mkate. Nyanya akalibonyeza moja kwa kijiko, akasema, “Huu ni ugali uliokata tamaa.” Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini aliponiuliza kama nimelala vizuri, niliitikia kwa kichwa tu nikajificha nyuma ya mama. Ikawa hivyo siku zote. Tulitembea mji wa kale, kwenye vichochoro vya mawe vilivyonukia njugu za kuchoma, kengele za kanisa zikilia juu yetu, nyanya amenishika mkono, nami nimefunga mdomo.

Kisha tukapanda mlimani. Baba na shangazi waliski hadi chini. Mimi nilikuwa nimeanguka mpaka nikalia, kwa hiyo nikaambiwa nishuke na nyanya kwa gari la kamba, lile sanduku la vioo linaloning'inia kwenye waya. Mama alikuwa amekataa kupanda. Alitungojea chini na mkoba wa nyanya, wenye dawa zake za presha.

Katikati ya safari upepo ukaja. Sanduku likayumba, likasimama. Sauti ikatangaza jambo kwa Kijerumani. Chini yetu palikuwa na miti midogo kama vijiti vya kiberiti. Nyanya akashika chuma kwa mikono miwili na kufumba macho, na nikasikia pumzi yake ikikatika.

“Nyanya,” nikasema. “Wewe ogopa?”

“Sana, mama. Hebu niongeleshe.”

“Mimi sijui Kiswahili.”

“Mbona unakiongea sasa? Niambie chochote.”

Nikamwambia. Kwamba kwetu ziwa linakuwa gumu na watu “wanadrive” gari juu yake. Kwamba mama analia ndani ya gari kwa garage akitoka kazini, halafu anapangusa uso ndio aingie. Kwamba niliogopa hatanipenda kwa sababu naongea mbaya. Maneno yalitoka yamevunjika. Hakurekebisha hata moja. Alikuwa akisema tu, “Ehe? Halafu?” macho yamefumbwa, na kila nilipotulia upepo ulisikika, kwa hiyo sikutulia. Wakati sanduku lilipoanza kusogea, nilikuwa nimekauka koo.

Mama alitukimbilia bila koti, ameshika vidonge. Nyanya akavimeza, akakaa kwenye benchi. “Huyu mtoto,” akamwambia, “ana maneno kuliko redio.” Kisha akamvuta mama akae kando yake, akamshika mkono. Mama akaanza kulia.

Hatukukutana tena. Viza haikupatikana, na baadaye miguu yake ilikataa safari. Nilimpigia kila Jumapili, kwa Kiswahili, mpaka alipotutoka. Shangazi amehama kutoka Innsbruck, na anasema siku hizi milimani huko wanateleza juu ya theluji ya mashine.

Mwaka jana, sijui kwa nini, nilipiga namba ya nyanya. Akapokea mwanamke nisiyemjua. Nikamwomba radhi, nikamweleza namba hiyo ilikuwa ya nani. Akanipa pole, akauliza napiga kutoka wapi. Nikamwambia Marekani.

“Acha mchezo, dada,” akasema. “Kiswahili hicho ni cha mtu aliyelelewa na nyanyake.”

Nilikata simu nikitafuta wa kumpigia nimwambie hayo, na namba iliyonijia ni ileile.