Bibi Aliyejifuatia Dawa ya Moyo

Juzi, kwenye dirisha la dawa la hospitali hapa Morogoro, mbele yangu alisimama bibi mmoja kutoka milimani Uluguru.

"Shikamoo, bibi. Dawa hii ya moyo unamchukulia nani?" mtoa dawa akamuuliza.

"Marahaba. Najichukulia mwenyewe."

Mtoa dawa akamkazia macho. "Si wewe uliyeletwa kwa machela, umezidiwa na homa ya mafua?"

"Ndiye mimi. Mafua yalipokwisha, wanangu wakasema hata vidonge vya moyo nilivyoanzishiwa hapa sasa basi. Nikawaambia, mafua yamepona, moyo bado. Leo nimeshuka kwa miguu."

Bibi akapokea vidonge, akavifunga kwenye pindo la kanga, akajitwika kikapu chake, akaondoka shingo wima. Foleni nzima tulimpisha. Sina undugu naye, lakini nilijivuna kama mjukuu wake.