Mpiga Gita wa Upande wa Wanaume

Reuben Mukhwana hakuwa mtu wa kupendeka, na mimi simrembi hapa kwa sababu tu vidole vyake vilikuwa vitamu. Vilikuwa vitamu, haki ya Mungu! Gita alijifunzia kanisani huko Kimilili, muziki wa kantri akaudaka redioni, halafu bluuzi, fanki na jazi za Wamarekani weusi akazichota kwenye simu, amejilaza katika chumba cha dereva mtaani Al-Hamra, Jeddah. Alizitia zote sufuria moja na bado ungejua mpishi ni yeye. Ijumaa alipiga na Msudani wa udi, Mfilipino wa ngoma, Mmisri wa saksafoni, na yeyote mwingine aliyejileta na chombo chake. Lakini roho sasa! Chungu kama shubiri. Aliwachukia wenye nyumba, alilichukia gari lao, akaichukia na ikama yake, kile kibali cha ukaazi, kwa kuwa iliandikwa "dereva wa nyumbani".

Chuki ikazidi baada ya safari ya Riyadh. Alimpeleka kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, Abu Nawaf, kwenye mkutano, na katika kumngoja akaingia mkahawa mmoja wenye bendi. Akaomba gita. Akapiga nyimbo mbili tu, na kiongozi wa bendi akamshika bega: "Kafili wako akikuachilia, hata kesho njoo." Tangu siku hiyo Reuben hakutaka kitu kingine duniani ila karatasi ya kuachiliwa.

"Baba, naomba unitilie sahihi."

"Mafi, hakuna," akajibu Abu Nawaf. "Nani ataniendeshea?"

Miezi saba alijibiwa hivyo hivyo. Mpaka binti wa Abu Nawaf alipochumbiwa, na nyumba ikajaa maandalizi ya hina, ndipo mzee akamwita. "Lete watu wako mpige. Wanawake wakifurahi, natia sahihi. Ukiniaibisha, halas, usiniulize tena."

Sasa, hina ni ya wanawake. Mwanamume haoni kitu. Wapigaji hukaa sebule ya wanaume, mlango umefungwa, na muziki unapita kwenye spika hadi ukumbini. Simu zote hukusanywa mlangoni, asije mtu akapiga picha. Basi nani atawaambia kwamba bibi harusi anashuka? Kazi hiyo akapewa Roseline Kageha wa Vihiga, mfanyakazi wa ndani, yule yule aliyemwekea Reuben chakula cha moto kila siku.

"Nikigonga mara tatu unakata hapo hapo, Msudani anaanza wimbo wa bibi harusi. Umenisikia, kaka?"

"Nimesikia. Nenda kaoshe vyombo."

Ndivyo alivyomjibu. Asante hakuijua.

Wakaanza baada ya alasiri, polepole, kwa adabu. Vigelegele vikapenya ukutani. Reuben akaongeza kidogo, navyo vikaongezeka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alimwaga pipa zima! Akaingia kwenye fanki, akaipinda kuwa bluuzi, jasho linamtiririka, macho kayafumba.

Ko, ko, ko.

Msudani akainua kichwa. Reuben akamkatalia kwa kidevu: raundi moja tu. Roseline akagonga tena, safari hii kwa kiganja kizima. Raundi nyingine. Huku ukumbini bibi harusi amesimama juu ya ngazi katika vazi lake la dhahabu, hawezi kushuka, hawezi kurudi, na mashangazi wa bwana harusi wameanza kucheka.

Mlango ulipofunguka ni Abu Nawaf, uso umemwiva. "Nani alitakiwa kuwaambia?"

Msudani akaanza kukaza nyuzi za udi ambazo hazikuwa zimelegea. Reuben akaiona karatasi yake ikienda na upepo.

"Roseline, baba. Hakugonga."

"Niligonga!" Sauti ilitoka nyuma ya mzee. "Baba, wallahi niligonga! Waulize!"

Hakuna aliyefungua kinywa. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani. Madam, mke wa mzee, akaja analia, akasema hataki kumwona tena huyo mwanamke nyumbani kwake.

Wiki hiyo Abu Nawaf alitia sahihi mbili. Ya kwanza ya kumrudisha Roseline Kenya. Ya pili ya Reuben, maana wanawake walikuwa wamefurahi kweli kabla ya mkosi, na mzee, tumpe haki yake, aliposema kitu alikifanya.

Kazi ya mwisho ya Reuben kama dereva ilikuwa kumpeleka Roseline uwanja wa ndege. Roseline alikaa kiti cha nyuma, sanduku mapajani, na waliposimama akasema:

"Reuben, nilibakisha miezi minne mkataba uishe. Sasa narudi kwa mama yangu kama mzembe aliyefukuzwa. Sitaki pole yako. Nataka uniambie kitu kimoja. Ulinisikia?"

Hapakuwa na bosi wala madam. Sahihi ilikuwa mfukoni, hakuna wa kumnyang'anya. Angeweza kusema kweli bure kabisa.

"Sikusikia, dada."

Roseline akacheka, kicheko cha dharau tupu. "Mlango uko hatua mbili kutoka sikio lako, unapigwa mara sita, husikii? Basi huko Riyadh wamechukua kiziwi. Wewe si mpiga gita, Reuben. Wewe ni dereva tu."

Reuben akaruka kitini kama aliyechomwa mwiba.

"Nilisikia!" akafoka. "Kuanzia pigo la kwanza nilisikia! Mimi hakuna sauti inayonipita!"

Roseline akafungua mlango, akashusha sanduku lake mwenyewe.

"Nilijua," akasema, akaingia ndani.