Ua la Kizuka

Kwa miaka arubaini, katika mtaa wa Chumbageni mjini Tanga, binti alipoposwa, mama yake alipita kwanza kwa Bi Zuwena ndipo aende kwa mshonaji wa gauni. Bi Zuwena alikuwa fundi wa maua. Si maua ya kuchumwa, bali ya kutungwa: ya hariri au satini, yenye kikombe cha fedha katikati, na ndani ya kikombe kito kimoja chekundu. Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Kitambaa kilikuwa chake. Fedha na vito vilikuwa vya mumewe, Mzee Suleimani, sonara aliyerithi ufundi kwa baba yake na ambaye karakana yake ilikuwa ukumbi wa nyumba yake mwenyewe.

Mke alikata petali kwa mshazari, akazichovya katika wanga wa muhogo, akazianika kivulini, kisha akazipinda moja moja kwa mgongo wa kijiko kilichopashwa moto makaani. Mume alifua fedha mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, akaisimamishia kucha tano, na kwa kucha hizo akakibana kito kutoka bonde la Umba, chenye wekundu wa zambarau mbivu iliyopasuliwa. Mwisho wa yote ua lilifukizwa udi. Wanawake wa mtaa walikuwa wakisema kwamba ua la Bi Zuwena halihitaji macho. Hata kipofu akipita karibu na bibi harusi atajua limetoka nyumba gani.

Mwenyezi Mungu hakuwajalia mtoto, lakini aliwajalia jirani. Ng'ambo ya uzio wa nyumba yao waliishi Lucas na mkewe Praxeda, Wakatoliki, wote wawili wazaliwa wa kambi za mkonge. Binti yao, Queen, alijifunzia kutambaa katika ukumbi ule, akiokota vipande vya satini na kuvitia mdomoni. Alipofika miaka sita alichomeka ua bovu nyuma ya sikio na kumuuliza Mzee Suleimani kama amependeza. Mzee alimtazama kwa makini, kama anavyotazamwa mteja, akamwambia ua hilo si la hadhi yake. Siku akiolewa atatengenezewa lake, na hakuna mtu mwingine duniani atakayelivaa kabla yake. Ahadi hiyo mtoto hakuisahau, na wazee wale hawakuisahau pia.

Kisha kiharusi kikamwangusha Suleimani. Upande wa kushoto ulikufa wote, na yeye alikuwa mtu wa kimo na uzito, hali mkewe ni kipande cha mtu. Kwa muda wa miezi kumi na mmoja, kila alfajiri kabla ya kwenda kazini na kila alasiri akirudi, Lucas aliingia, akavua viatu mlangoni, akamnyanyua mzee, akamgeuza, akamwosha, akamweka kwenye kiti akaone jua. Praxeda alichukua mashuka, akayarudisha makavu na yaliyonyooshwa. Siku Bi Zuwena alipotaka kumshukuru kwa maneno, Praxeda alimkatiza kwa kumuuliza kama nyumba hii ina chumvi, maana kwake imekwisha. Akachukua chumvi, akaenda zake, na shukrani ikabaki kifuani mwa aliyetaka kuitoa.

Queen alipoposwa na kijana wa Muheza, Suleimani aliomba koleo yake. Mkono wa kulia ulikuwa bado unamtii. Kwa kuwa hakuwa na wa kushoto, Lucas alimwazima wake: aliketi kitandani, akashika kikombe cha fedha kwa vidole vyake vinene, na mzee akakunja kucha juu ya kito, moja, ya pili, ya tatu. Walichukua asubuhi nzima. Lucas alipotania kwamba sasa naye ni sonara, mzee alimjibu kwa ulimi uliokuwa mzito kwamba yeye si sonara, ni jiliwa la kubania vyuma, tena jiliwa linalotoka jasho. Wakacheka wote. Kucha mbili zilizobaki alisema atazimaliza Ijumaa baada ya sala. Ijumaa hiyo ndiyo aliyozikwa.

Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani ila kwa haja, hajipambi, havai dhahabu wala fedha, hajitii manukato. Haya ni ya sheria, na Bi Zuwena aliyapokea kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa aliyaona kuwa adabu ya mwisho anayoweza kumfanyia mumewe. Lakini juu ya sheria watu wameongeza ya kwao. Wifi yake, Mwanasiti, alitoka Ushongo kuja kumkalia, na siku ya kwanza tu aligeuza kioo kikatazama ukuta, ili kizuka, ndilo jina wanaloitwa wajane walio edani, asijione uso. Siku ya pili alichukua sanduku la kazi, lenye satini, koleo na kile kikombe cha kucha tatu zilizofungwa, akalipandisha juu ya kabati.

Bi Zuwena alimweleza kwamba harusi ya Queen haikuahirishwa. Praxeda alitaka kuisogeza mbele kwa heshima ya msiba, na yeye Zuwena ndiye aliyekataa. Basi harusi itaangukia siku ya themanini na nane ya eda, na ua halijaisha.

Mwanasiti hakuwa mtu mbaya. Aliketi karibu naye, akamshika goti, akasema kwa upole uliouma kuliko ukali:

"Wifi, mkono wa kizuka haushiki cha bibi harusi. Hayo tumeyakuta. Ukimvisha mtoto wa watu ujane wako, siku ujane huo ukimshukia utamwambia nini mama yake?"

Neno hilo liliingia likakaa. Bi Zuwena hakuwa na hakika kwamba ni kweli. Wala hakuwa na hakika kwamba si kweli. Na aliyekuwa hatarini, kama ni kweli, si yeye. Alijiona amefungwa kotekote: asipolitengeneza ua, ahadi ya marehemu itavunjika, na wema wa miezi kumi na mmoja utabaki bila jibu; akilitengeneza, huenda wema huo akaulipa kwa balaa. Siku zikapita, thelathini, hamsini, sabini, na kila akiinua macho aliona sanduku juu ya kabati.

Praxeda alikuja kila siku na hakuuliza kitu. Siku ya sabini na tisa alileta uji wa mchele katika kikapu, na alipoutoa, kikapu kikalala upande, kikafichua ua la plastiki lililobandikwa vipande vya kioo kwa gundi, kama yale yanayouzwa madukani Usagara. Praxeda alilifunika upesi kwa ncha ya khanga yake. Alikuwa amelinunua ili jirani yake asione haya. Bi Zuwena alilijua hilo papo hapo, na uji ule, uliokuwa umepikwa kama anavyoupenda, akaufunika bila kuuonja.

Mgeni alipoondoka, alimwambia wifi yake kwamba anamtaka Maalim Hatibu wa msikitini.

Maalim alikuja baada ya alasiri, akaketi ukumbini, na Bi Zuwena akaketi nyuma ya pazia. Alimweleza yote bila kuficha, hata hofu yake. Maalim alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: je, ua hilo atalivaa yeye? Akajibiwa hapana.

"Basi, binti yangu, sheria imekukataza kujipamba; haikukukataza kupamba. Shona, kunja, bana. Udi peke yake ndio usiuguse wala usiusogelee; mwachie mwingine. Ama hayo ya mkono wa kizuka, mimi nimesoma tangu sijaota ndevu na sijayaona mahali. Siku ya mtu ameiandika Mola wake, na mauti hayafuati uzi wala sindano."

Mwanasiti alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa. Kahawa ya Maalim ilipoa kabla haijamfikia.

Mzigo wa kwanza ulikuwa umetuliwa, lakini wa pili Bi Zuwena aliona haumhusu yeye kuutua. Sheria ilimruhusu, lakini mama wa bibi harusi alikuwa bado na haki ya kuchagua. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata alimketisha Praxeda, akamweleza vile watu wasemavyo juu ya mkono wa kizuka, akamwambia kwamba likimtia shaka, japo ndogo kama mbegu ya ufuta, Queen avae lile la Usagara na mapenzi yao hayatapungua.

Praxeda alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Mama, mimi baba yangu alifariki nikiwa na miezi sita. Mama alikata mkonge na mimi nikiwa mgongoni. Mkono ulionilisha, ulioniosha, ulionipeleka kanisani siku ya ndoa yangu, ni wa mjane. Kama mkono huo ni nuksi, ningekufa kabla sijaota jino."

Akaongeza kwamba lile la plastiki limekwisha kuanza kubanduka, na Queen analiita konokono.

Ndipo Bi Zuwena alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Praxeda alipanda juu ya kiti, akashusha sanduku.

Siku sita zilizofuata nyumba ilirudiwa na sauti zake za zamani: mkasi, makaa yakipasuka, kijiko kikigonga ukingo wa jiko. Petali ziliinuka chini ya kijiko moto kama vile zinaamka. Zilipokamilika, Bi Zuwena alitoa koleo ya mumewe. Kwa miaka arubaini alikuwa ameutazama mkono ule ukikunja kucha, lakini kutazama si kufanya. Kucha ya fedha ikikunjwa mara mbili mahali pamoja hukatika. Praxeda aliketi alipoketi Lucas, akashika kikombe.

"Usipumue," Bi Zuwena alimwambia.

"Nisipumue mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

Kucha ya nne ililala vizuri. Ya tano ilisita. Bi Zuwena akasimamisha mkono, akasema bismillahi kwa sauti ya chini, akaisukuma tena kwa taratibu, nayo ikalala ikakigusa kito. Ilikuwa imepinda kidogo upande. Mtu asiyejua asingeiona. Bi Zuwena aliiona, na aliipenda kwa kupinda kwake, maana kucha tatu zilikuwa za Suleimani na mbili zake, na kito kilikuwa kimeshikwa na zote tano. Akamshukuru Mungu kwa mume aliyempa na kwa muda aliompa naye. Akamwambia Praxeda apumue.

Ukabaki udi. Siku moja kabla ya harusi, Bi Zuwena alijitenga chumba cha ndani na kufunga mlango, na Praxeda, aliyekuwa hajawahi kufukiza hata leso, aliachiwa chetezo uani. Alijaza makaa mpaka yakamwagika, akatupa udi wa kujaza kiganja kwa mara moja, akaanza kupepea kwa nguvu zake zote. Moshi ulipanda mweusi. Mwanasiti, ambaye tangu siku ya Maalim alikuwa akipita kama haoni, alistahimili kadiri alivyoweza. Kisha sauti yake ikasikika mpaka chumba cha ndani:

"Mama Queen, udi haupikwi kama ugali. Lete hapa. Sogea."

Akapunguza makaa, akafunika moto kwa jivu, akadondosha vijiti viwili, akainamisha ua juu ya moshi mwembamba na kuligeuza polepole, kama alivyofundishwa na mama yake Ushongo. Bi Zuwena alisikia hayo yote kupitia ubao wa mlango, akaziba mdomo kwa mtandio asisikike akicheka.

Siku ya harusi, kabla ya kwenda kanisani, msafara wa harusi ulisimama Chumbageni. Kizuka hatoki, basi bibi harusi ndiye aliyeingia, gauni lake limejaa mlango mzima, akapiga magoti mbele ya jamvi la Bi Zuwena na kumwambia, "Shikamoo, bibi." Ua lilikuwa tayari limenukia, na kwa sababu hiyo Bi Zuwena hakuweza kuligusa. Alimtazama wifi yake.

Mwanasiti alilichukua. Alilichomeka nyuma ya sikio la Queen, pale ambapo mtoto wa miaka sita alichomeka lile bovu, na Bi Zuwena akawa anamwelekeza kutoka mbali: juu kidogo, nyuma kidogo, hapo. Queen alipouliza kama amependeza, Mwanasiti alikwenda ukutani, akakigeuza kioo.

"Jitazame mwenyewe," akasema.

Queen alijitazama. Kisha akarudi, na akiliweka ua mbali kwa kuinamisha kichwa upande, kwa kuwa mama yake alikuwa amemfundisha sheria hiyo pia, aliuchukua mkono wa Bi Zuwena na kuuweka kwenye shavu lake. Mkono wa kizuka ukatulia juu ya uso wa bibi harusi. Mwanasiti aliona, wala hakugeuza uso. Bi Zuwena akamwombea Queen umri, uzao na amani, na akamwombea Lucas, aliyesubiri nje akiwa amevaa suti na kushika viatu vyake mkononi kwa mazoea ya mlango ule, na Praxeda, aliyekuwa akilia na kusingizia wanja.

"Mama Queen," akasema, "leo hutanikatiza. Ahsante."

Praxeda hakutaja chumvi. Aliitikia kwa kichwa tu.

Magari yalipoondoka, chumba kilibaki na harufu ya udi. Bi Zuwena alisimama, akafungua madirisha yote mawili itoke, kwa kuwa eda ilikuwa bado na siku arubaini. Kisha akaketi mahali pake. Kioo kiliachwa vilevile kilivyogeuzwa, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyekigeuza tena kitazame ukuta.