Bampa Jipya na Lango la Kibugu

Mama yangu aliapa zamani kwamba mguu wake hautavuka tena lango la mdogo wake, Karimi, aliyeolewa Kibugu. Ugomvi ulikuwa wa jina. Karimi alipopata binti wa pili, zamu ilikuwa ya kumpa mtoto jina la mama yao, lakini akapewa jina la upande wa mume. Mtoto huyo sasa ni mzazi. Mwezi uliopita Karimi alipiga simu: "Kuja, dada. Tumezeeka." Baada ya siku mbili mama aliniagiza nitayarishe gari.

"Na kiapo?" nilimuuliza.

"Nilisema mguu. Gari lina magurudumu."

Mimi ni mwalimu, na napenda kuonekana. Sikutaka kufika Kibugu na bampa lililofungwa kwa waya. Meru mjini, fundi Hassan alinifungia jipya, jeusi, lenye mdomo mrefu ulioshuka chini. Nililizunguka mara tatu nikitabasamu. Hassan alichuchumaa akapima kwa ngumi nafasi kati ya bampa na sakafu.

"Mwalimu, ile ya zamani ilikuwa inapitisha ngumi mbili. Hii ni ngumi moja na vidole viwili tu. Nikate huu mdomo?"

"Ukate uzuri wote? Wacha hivyo."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi saa moja asubuhi tuliondoka. Mama alikaa mbele kwa heshima yake, kikapu chake cha kiondo mapajani, na kwenye buti kulikuwa na viazi na mkungu wa ndizi. Kutoka Nkubu hadi Chuka lami ilikuwa nzuri, mama akaimba nyimbo za kanisa, nami nikajiona dereva wa waziri.

Saa nne tulichepuka kidogo hadi Karurumo, mama amnunulie Karimi maembe. Kwenye tuta la kwanza nilisikia krrr chini ya gari.

"Ni nini hiyo?" mama aliuliza.

"Changarawe tu."

Mwendesha boda aliyeegesha kando alicheka. "Changarawe gani, mwalimu? Ni bampa! Usiingie tuta straight. Ingia pembe-pembe, tairi moja moja."

Nilimtii, na matuta yaliyobaki tuliyapita salama.

Saa saba tulifika Kibugu. Baridi ya msitu ilitupokea, na majani ya chai yalikuwa yamelowa pande zote za njia. Lango la Karimi lilikuwa wazi. Lakini mbele yake kulikuwa na mtaro usio na kina, na baada ya mtaro ukingo wa zege. Nilisogea taratibu hadi bampa likagusa zege, nikasimama. Lango lilikuwa jembamba, hapakuwa na nafasi ya pembe-pembe.

"Mama, shuka kidogo. Ni hatua kumi tu."

"Sishuki."

"Basi niingie kinyumenyume?"

"Niingie kwa dada yangu nikimpa mgongo? Hapana. Geuza, turudi Meru."

Karimi alikuwa ametoka nje, mwanamke mnene mwenye gambuti za mvua miguuni, akasimama ndani ya lango. Walitazamana kupitia kioo. Niliona aibu sana. Miaka yote ile, halafu safari ife kwa sababu ya urembo wangu!

Mume wa Karimi, mzee anayebeba chai kwa pikapu, aliinama akatazama. "Mwalimu, uzito uko mbele, ndio pua imelala. Weka watu nyuma, itainuka." Akamgeukia mkewe. "Mama Njeru, ingia."

Karimi aliruka mtaro, akaketi kiti cha nyuma. Pua ilipanda kidole kimoja. Haikutosha. Sote tukamtazama mama. Alifikiri, akafungua mlango, akakanyaga nje ya lango ambako hakukuwa na kiapo, akaketi kando ya mdogo wake.

"Umenona," alisema mama.

"Wewe umekonda. Hawakulishi huko?"

Nilikanyaga mafuta polepole. Bampa lilipita juu ya zege bila sauti yoyote.

Jumapili mchana tuliaga. Niliwaita wapande nyuma tena, kumbe walikuwa wameshatangulia barabarani kwa miguu, wameshikana mikono. Kisha mama akakumbuka leso yake. Akageuka, akaingia langoni kwa miguu yake mwenyewe, akaichukua, akatoka. Nilimwona Karimi akimtazama. Mimi nilijifanya napangusa kioo.

Jumatatu nilirudi na mama kwa Hassan. Nimejifunza kwamba nafasi ya chini hupimwa kwa lango unalokwenda kuingia, si kwa sakafu ya gereji. Hassan alikata mdomo, akapima: ngumi mbili.

Mama hakufurahi. "Sasa Karimi hatakuwa na sababu ya kutoka nje kunipokea."

"Atatoka, mama."

"Akikosa kutoka," alisema, "nitaingia kumtafuta."