Kidole cha Mzee Praful hakisikii tena chini ya maji

Mvua ya mtaa wa Kenton, huku kwa Waingereza, inanyesha tangu alfajiri, nyembamba, isiyo na haraka. Nyuma ya nyumba yake, Mzee Praful amesimama kando ya pipa refu la maji, macho ameyafumba. Uzi umepita juu ya kidole chake cha shahada. Mwisho wa uzi kuna jigi: ndoano yenye kichwa cha bati na sketi ya nyuzi za mpira. Anaiachia izame.

“Imefika,” anasema.

Suad, jirani anayemsaidia kufunga nyuzi, anachungulia pipani.

“Ishafika zamani, Mzee. Ishalala, yataka mto.”

Praful hacheki. Anaivuta, anaiachia tena.

Mzaliwa huyu wa Nakuru, mwenye miaka 71, amewatengenezea jigi wavuvi wa samaki aitwaye besi kwa zaidi ya miaka ishirini. Moja huuzwa pauni nne, na hakuna inayotoka bila kupita pipani.

“Mbovu inaanguka kama jiwe,” anaeleza. “Nzuri inashuka polepole, inagusa chini kidogo tu. Hiyo siwezi kuona kwa macho. Nasikia kwa kidole.”

Lakini ugonjwa wa sukari umeanza kumnyang’anya vidole. Ganzi ilianzia miguuni, ikapanda mikononi majira ya baridi yaliyopita. Daktari amemwambia wazi kwamba hisia zilizopotea hazitarudi.

Jigi ambayo hakuisikia yeye mwenyewe, hataki kuiuza. Karibu nusu ya zile za wiki hii zimebaki kwenye bakuli.

Mtu huyu hajawahi kuonja samaki. Kwao ni Wahindu wasiokula nyama wala samaki, na marehemu mkewe, Lila, alizipiga ndoano marufuku jikoni. Ndiyo maana Praful hubana kwa koleo kijino kilicho nyuma ya ncha ya kila ndoano, samaki atoke bila kuchanika.

“Lila alisema, kama lazima uwasumbue, basi uwarudishe kwao.”

Kila Septemba wawili hao walikwenda kwenye ziwa moja lenye kina kirefu, katikati ya milima ya kaskazini mwa Italia. Jua likipanda, besi hushuka kwenye miamba ya chini kabisa, mahali ambapo jigi pekee huwafikia. Lila aliogopa maji, lakini makasia alipiga yeye.

“Jigi ikizama ananiuliza, umefika? Nikisema nimefika, anaacha kasia. Tunakaa kimya. Besi wa kule chini havuti kwa nguvu. Anagusa tu, kama mtu anayekushika mkono akitaka kukuuliza kitu.”

Lila alifariki mwaka juzi. Praful hajarudi ziwani.

“Nilitaka kwenda mwaka huu, nikae pale tulipokaa. Sasa nitakwenda kufanya nini na mkono wa mbao?”

Ananyoosha kidevu kuelekea kwa Suad. “Na huyu binti, wiki nzima jigi ikifika chini anakohoa. Nilidhani ana mafua.”

Suad anainamisha uso. “Nilikuwa nakusaidia, Mzee.”

“Najua. Ziwani nitakoholewa na nani?”

Mvua inamlowesha mabega. Kisha anautoa uzi kidoleni na kuulaza kwenye mdomo wake wa chini. Anafumba macho. Jigi inashuka. Suad amejiziba kinywa kwa kiganja.

“Imefika.”

Suad anachungulia. “Imefika,” anajibu kwa sauti ndogo. Halafu anashindwa kujizuia: “Maisha yote hukula samaki, Mzee, leo umekuwa samaki.”

Safari hii Praful anatabasamu. Daktari hajasema hisia za mdomo zitadumu hadi lini, naye hajauliza. Septemba anataka kwenda.

“Unajua kupiga makasia?” anamuuliza Suad.

“Mie? Nimezaliwa Mombasa na maji nayaogopa.”

“Lila pia aliyaogopa,” anasema, na kunyoosha mkono apewe jigi nyingine.