Johannesburg Hadi Cape Town, Saa Mbili

Mimi shule niliachia kidato cha pili, na hicho chenyewe nilikifanya nusu. Lakini sokoni Garissa, kwenye meza yangu ya kuchaji simu, watu wananiuliza mambo kama profesa. Nami najibu. Ugonjwa wangu ndio huo.

Jirani yangu ni mama wa Kisomali anayeuza maziwa ya ngamia. Namwita hooyo, yaani mama. Kiswahili chake ni cha soko: p kwake ni b, na masaa hayahesabiki kwa wingi, yote ni "saa" tu. Mimi humwigiza. Akisema "bole bole", najibu "bole bole, hooyo", wateja wanacheka, na yeye anawashinda kwa kucheka. "Wewe mtu wa bara umeharibika," ananiambia.

Siku hiyo simu yake ililia karibu adhuhuri. Mwanawe mdogo, aliyekuwa na duka Cape Town, alikuwa amefariki asubuhi. Mkubwa, anayefanya kazi Johannesburg, alikuwa amepiga mara moja tu kusema anaingia kwenye ndege, kisha simu yake ikazimwa. Sasa wazee wa Cape Town walikuwa wanamngoja mama aamue: wazike, au wamngoje kaka mtu aje amteremshe ndugu yake kaburini, mradi afike kabla ya jioni.

Hooyo akanigeukia, simu iko sikioni. "Walaal, ndugu yangu, Johannesburg mbaka Cape Town, ndege saa ngabi?"

Nikatafuta kwenye simu yangu. Kilomita elfu moja mia mbili na kitu, zaidi ya mara tatu ya kutoka hapa hadi Nairobi. Kwa ndege, masaa mawili. Ningesema hivyo hivyo, masaa mawili, kama mtu aliyelelewa. Lakini ulimi ulishazoea mchezo. Wala sikuwa nafanya mzaha, maneno yalitoka yenyewe.

"Saa mbili, hooyo."

"Saa mbili?"

"Saa mbili kabisa."

Akafumba macho. Akasema maneno machache ya Kisomali kwenye simu, nami natikisa kichwa kama naelewa, najiona nimesaidia.

Saa tisa simu ikalia tena. Kaka mtu ameshuka uwanja wa ndege, anauliza maiti iko msikiti gani. Walikuwa wameshazika.

"Walaal," hooyo akaniambia, "si ulisema anafika saa mbili usiku?" Hakugomba. Aliuliza tu.

Hapo ndipo nikaelewa. Na unajua nilijibu nini?

"Ndege za huko zina mbio, hooyo."

Akakubali. Akasema ni mipango ya Allah, halafu akanimiminia kikombe cha maziwa kwa sababu nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikanywa. Nikamaliza.

Siku ya tatu ya msiba yule kijana alipiga, mama akanipa simu nimpe pole. Kiswahili chake ni safi, alisoma hapa hapa.

"Asante kwa kukaa na mama," akasema. "Lakini nikuulize, ndugu yangu. Nani alimwambia nitafika saa mbili usiku?"

Nikamwambia pole sana, mtandao unakatika. Kisha nikaukata mwenyewe, kwa kidole changu.

Hooyo akaniuliza amesemaje.

"Ameshukuru," nikasema.